Mchaichai, kamomaili na msesewe: mitishamba ya kutuliza hufanya nini hasa mwilini

Nchini Brazil, kama ilivyo Unguja, Tanga na Mombasa, mchaichai ni dawa ya nyumbani ya mtu aliyechoka akili. Majani huchemshwa, yakachujwa, akapewa anayegaagaa kitandani bila usingizi. Mwaka 1986 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya jaribio lililotaka kujua kama ni kweli. Watu waliojitolea walipewa chai ya mchaichai, na kwa kulinganisha wakapewa kinywaji kisicho na mchaichai, bila wao kujua kipi ni kipi. Usingizi wao ukapimwa, na wale wenye wasiwasi wa kudumu wakapimwa wasiwasi. Chai haikuwadhuru. Lakini haikuwalaza wala kuwatuliza kuliko kile kinywaji kingine.

Sasa weka matokeo hayo kando ya ukweli wa pili: watu wasiohesabika hunywa mchaichai usiku wakalala vizuri, na hawadanganyi. Mambo haya mawili yanaweza kusimama pamoja, na kuelewa jinsi yanavyosimama ndiko kuelewa suala zima la mitishamba ya kutuliza. Tatizo letu ni kwamba tunatia katika kapu moja vitu vitatu tofauti: kikombe chenyewe pamoja na joto lake, harufu yake na muda unaochukua kukinywa; mimea yenye kemikali za kutuliza kidogo; na mimea ambayo ni dawa kali kabisa, ila imezaliwa shambani badala ya kiwandani. Anayevichanganya hivi vitatu hupoteza fedha zake, na mara nyingine hupoteza afya.

Tuanze na kile tunachotaka kitulizwe. Wauzaji wengi wa dawa, sokoni na kwenye makundi ya WhatsApp, husema bidhaa zao “zinaimarisha mishipa ya fahamu”. Maneno hayo humfanya mtu mwenye msongo wa mawazo aamini kwamba neva zake zimelegea au zimechakaa. Sivyo. Mara nyingi neva za mtu huyo zinafanya kazi yao barabara. Shida ni kwamba zinaifanya bila kupumzika.

Ubongo ukihisi hatari, iwe ni gari linalokuja kasi au ujumbe wa mwenye nyumba anayedai kodi, sehemu iitwayo hipothalamasi hutuma taarifa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva za simpathetiki, zinazofika kwenye tezi za adrenali juu ya figo na kuzifanya zimwage adrenalini. Hili ni jambo la sekunde: moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa jasho, tumbo linasimamisha kazi zake. Njia ya pili ni ya homoni, na hii huchukua dakika kadhaa hadi kortisoli ipande kwenye damu na kuuandaa mwili kwa mapambano marefu. Kwa kawaida kortisoli huwa juu asubuhi tunapoamka na hushuka hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane. Mtu anayelala na madeni kichwani huuvuruga mpangilio huo: anachoka mchana, na usiku macho makavu.

Upande wa kurudisha utulivu pia upo, na umejengewa ndani yetu. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni, ndiyo hupunguza mapigo ya moyo na kuamsha mmeng’enyo wa chakula. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake kubwa ni kuzizuia seli za neva zisirushe ishara ovyo. Dawa za hospitali za jamii ya diazepamu hufanya kazi kwa kuiongezea nguvu GABA hiyo. Ukishika mambo haya mawili, vagasi na GABA, maelezo mengi ya mitishamba yatakuwa wazi.

Kikombe hugusa zaidi upande wa vagasi. Tazama mtu anavyokunywa kitu cha moto: anakipuliza. Kila anapopuliza anatoa pumzi ndefu kuliko aliyoivuta, na inajulikana vyema katika fiziolojia kwamba moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi, kwa sababu ndipo vagasi inapokuwa na sauti kubwa zaidi. Mtu akipumua taratibu, takriban mara 6 kwa dakika, mapigo yake na shinikizo la damu huanza kwenda pamoja kwa utaratibu. Sina jaribio la kukuonyesha lililopima kupuliza chai, lakini naamini sehemu kubwa ya utulivu wa kikombe cha usiku inatoka hapo: dakika kumi za kukaa, pumzi ndefu, simu imewekwa kando, joto mkononi. Na ikiwa ulizoea kupewa mchaichai na bibi yako ulipokuwa mgonjwa, ubongo wako umekwisha kujifunza kwamba harufu ile ni dalili ya usalama. Huo si ujinga wala si kujidanganya. Ni mwili kutumia kumbukumbu zake.

Harufu ina nguvu yake pia. Mwaka 2015 watafiti wengine wa Brazil walirudi kwenye mchaichai, safari hii wakawapa watu mafuta yake wayanuse kabla ya kufanya zoezi la kutia wasiwasi, na walionusa walionyesha nafuu ndogo ya muda. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linalooli, kemikali yenye harufu nzuri iliyomo kwenye lavenda na pia kwenye mrehani wetu. Panya walipungukiwa na wasiwasi bila kuyumba wala kulewa. Panya walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakupata nafuu yoyote, kumaanisha athari ilipitia puani na si kwenye damu. Na panya wenye uwezo wa kunusa walipopewa dawa inayoziba mahali diazepamu hushika, nafuu ikatoweka. Ni panya, si watu, na hatupaswi kuruka kutoka kwao moja kwa moja hadi kwa mama mwenye duka Kariakoo. Lakini utafiti huo unaonyesha kwamba harufu inaweza kufika kwenye mfumo uleule wa GABA bila mtu kumeza chochote, na ni sababu nzuri ya kufunika kikombe chako: mafuta yenye harufu huruka na mvuke, na anayechemsha mrehani nusu saa bila kifuniko anayaacha yaishie jikoni.

Hapo kuna kosa jingine la kila siku ambalo sielewi kwa nini halisemwi zaidi. Watu wengi hutia mchaichai kwenye sufuria pamoja na majani ya chai, kisha wanaita chai ya kutuliza. Majani ya chai yana kafeini, na kwa mtu mzima nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huweza kukaa nayo karibu mara mbili ya muda huo. Kikombe cha saa moja usiku bado kinafanya kazi saa sita. Ukitaka mchaichai wa kulala, uwe mchaichai mtupu.

Sasa mimea yenye kemikali za kutuliza kidogo. Ulio na ushahidi mzuri kiasi ni kamomaili, maua madogo meupe yenye kitovu cha njano ambayo Waarabu huyaita babunaj na ambayo siku hizi yanapatikana kwenye vifuko katika maduka makubwa ya miji yetu. Yana kemikali iitwayo apijenini, inayoshika mahali palepale ambapo diazepamu hushika, ila kwa mkono dhaifu sana. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilijaribu kamomaili kwa watu wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Mwaka 2009 watu 57 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya kamomaili na wengine vidonge tupu kwa wiki 8, na wa kamomaili walipata nafuu zaidi, ingawa si nafuu kubwa. Jaribio refu zaidi lililochapishwa mwaka 2016 lilianza na watu 179 waliotumia miligramu 1,500 kwa siku. Waliopata nafuu wakagawanywa: wengine waendelee, wengine wabadilishiwe vidonge tupu bila kujua. Walioendelea na kamomaili walibaki na dalili chache zaidi, lakini idadi ya waliorudiwa na ugonjwa haikutofautiana vya kutosha kusema kwamba kamomaili iliuzuia.

Tazama neno vidonge. Hicho kilikuwa kiini kilichokolezwa na kupimwa, hakikuwa kifuko kimoja kwenye maji. Kikombe cha kamomaili chenye gramu 2 au 3 za maua makavu, kilichofunikwa dakika 10, ni kitu kizuri na salama kwa wengi, ila usikipe sifa za jaribio ambalo hakikushiriki.

Lavenda nayo ina historia kama hiyo. Ujerumani kuna kidonge cha mafuta yake chenye miligramu 80, na katika jaribio la mwaka 2010 kilipunguza wasiwasi kwa kiwango kinachokaribiana na dozi ndogo ya lorazepamu, dawa ya jamii ya diazepamu, kwa muda wa wiki 6. Hii ni lavenda ya kumeza iliyotengenezwa kwa kipimo cha kidawa. Chupa ndogo za mafuta ya lavenda zinazouzwa kwa ajili ya kunusa au kupaka hazinywewi.

Kuhusu pasheni, hapa Afrika Mashariki tuna matatizo yetu. Watu husoma mtandaoni kwamba pasheni inatuliza, kisha wanaongeza glasi ya juisi. Mmea uliojaribiwa ni Passiflora incarnata wa Amerika Kaskazini, na sehemu inayotumika ni majani na mashina. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Tehran mwaka 2001 kwa wagonjwa 36: matone ya mmea huo yalikaribia nguvu ya oksazepamu, nayo dawa ya jamii ya diazepamu, yakichelewa kuanza kufanya kazi lakini yakiwavurugia watu kazi zao kwa kiasi kidogo kuliko dawa hiyo. Matunda tunayokamua Kenya, Uganda na Tanzania ni ya Passiflora edulis, ndugu yake. Juisi yake ni tamu, ina vitamini, na si dawa ya wasiwasi. Valeriani, mzizi wenye harufu kali unaouzwa kwa ajili ya usingizi, nautaja kwa kifupi tu: mwaka 2017 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilishauri usitumike kutibu kukosa usingizi, kwa sababu ushahidi wake ni dhaifu.

Kundi la tatu ndilo linalonifanya niandike kwa msisitizo, kwa sababu hapa ule msemo kwamba “ni mitishamba tu, haina madhara” unaanguka kabisa.

Nchini India mzizi wa Rauvolfia serpentina ulitumika kwa karne nyingi kwa watu waliochanganyikiwa na waliokosa usingizi. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Sen na Bose, waliandika kuhusu nguvu zake dhidi ya shinikizo la damu na wazimu. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, akachapisha Uingereza matokeo yake kwa wagonjwa wa shinikizo la damu, na ndipo Wazungu wakashtuka. Mwaka 1952 kampuni ya dawa ya Ciba ya Basel, Uswisi, ilitoa kwenye mzizi huo kemikali iitwayo reserpini. Katika miaka ya 1950 reserpini ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za kisasa kutumika kwenye hospitali za magonjwa ya akili. Mahitaji yalipanda, na nchi iliyokuja kuitwa Zaire ikawa chanzo kikubwa cha mizizi ya Rauvolfia vomitoria, mmea wa misitu ya Afrika wa jamii hiyohiyo, iliyosafirishwa Ulaya kwa viwanda. Mlima Kilimanjaro nako kuna ndugu mwingine, Rauvolfia caffra, ambao Wachaga wanaujua kama msesewe na magome yake hutiwa kwenye mbege, pombe yao ya ndizi.

Reserpini ilituliza kweli. Ilifanya hivyo kwa kuzizuia seli za neva kuweka akiba ya serotonini, noradrenalini na dopamini, kemikali ambazo seli hizo hutumia kupashana habari, hadi akiba ikaisha. Na palepale ilipotuliza ikaleta mengine: pua kuziba, presha kushuka mno, mikono kutetemeka kama mgonjwa wa Parkinson, na madaktari wakaanza kuona wagonjwa wanaozama kwenye sonona. Mmea ulikuwa na nguvu, na nguvu hiyo haikuwa na mahali maalumu pa kuishia. Kila mtu anayekuuzia unga wa mizizi usio na jina, akisema utalala kama mtoto usiku wa kwanza, anapaswa kukufanya ukumbuke habari hii. Usingizi mzito unaokuja usiku wa kwanza ni sababu ya kuuliza maswali. Mara nyingine unga wa namna hiyo huwa umechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, na mnunuzi hana njia ya kujua.

Kungumanga ni mfano ulio karibu zaidi na jiko letu. Kipande kidogo kilichokwanguliwa kwenye maziwa au biriani hakina tatizo. Lakini wapo wanaoongeza wakitafuta usingizi, na kuanzia karibu gramu 5, yaani kokwa moja ya wastani, mtu anaweza kupata mapigo ya moyo ya kasi, kinywa kukauka, kichefuchefu na kuona vitu visivyopo, kwa saa nyingi. Kwa mwenye wasiwasi hiyo ni njia ya uhakika ya kuishia hospitali.

Ashwagandha ndiyo inayotangazwa kuliko zote sasa. Mmea wenyewe, Withania somnifera, si mgeni. Huota porini hapa Afrika Mashariki. Majaribio madogo ya India yameonyesha kwamba kiini cha mzizi wake, kwa mfano miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 60, kilipunguza msongo waliousema watu wenyewe pamoja na kortisoli yao. Ni matokeo ya kutia moyo. Wakati huohuo kuna taarifa za madaktari kuhusu watu walioumia ini baada ya kuitumia, inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo, na haifai kwa mjamzito. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mwenye ugonjwa wa ini au wa tezi asiiguse bila daktari.

Suala lenye uzito kuliko yote kwa nchi zetu ni kuchanganya. Upo mmea wa Ulaya wenye maua ya njano, Hypericum perforatum, ambao kwenye chupa huandikwa “St John’s wort” na huuzwa kwa ajili ya huzuni na msongo. Una ushahidi wa kusaidia sonona isiyo kali. Lakini huamsha vimeng’enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, na dawa hizo huondoka mwilini kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ulishusha kiwango cha indinavir, dawa ya VVU ya wakati huo, kwa zaidi ya nusu. Hushusha pia dolutegravir, ambayo leo ni msingi wa dawa za ARV wanazopewa watu wengi Tanzania, Kenya na Uganda. Hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, na dawa za waliopandikizwa figo. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa vidonge vyake kila siku, na virusi vikaongezeka kwa sababu ya chupa aliyoletewa na ndugu kutoka ng’ambo kwa nia njema kabisa.

Kwa mimea mingine tahadhari ni fupi. Usichanganye kitu chochote cha kutuliza na pombe, diazepamu au dawa za kifafa bila kuuliza. Kamomaili kwa wingi haiendi vizuri na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie mtoa usingizi kila anachokunywa, na viini vilivyokolezwa aviache wiki mbili kabla. Dereva wa bodaboda asijaribu kitu kipya asubuhi ya kazi. Mjamzito na anayenyonyesha wabaki kwenye vikombe vyepesi walivyovizoea kama chakula, si vidonge wala mafuta.

Kama unataka kutumia mitishamba katika kipindi kigumu, ushauri wangu ni huu: chagua mmea mmoja unaoujua kwa sura na jina, utumie peke yake, kama chai, saa moja kabla ya kulala, kwa wiki mbili, na uandike unavyolala. Ukichanganya mimea saba hutajua upi umekusaidia wala upi umekuwasha ngozi. Anayedhurika na maua ya jamii ya alizeti ajihadhari na kamomaili, kwani ni ukoo mmoja.

Na kama wiki mbili zikipita mapigo yakaendelea kwenda mbio, nenda ukapimwe, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hutoa dalili zinazofanana kabisa na wasiwasi: moyo kudunda, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kukonda ukila vizuri. Upungufu wa damu nao hufanya moyo udunde. Kipimo cha damu hutofautisha hayo, mchaichai hauwezi. Ukipata maumivu ya kifua, usisubiri wiki mbili. Na mawazo ya kutaka kufa si ya kutibiwa kwa chai hata siku moja: mwambie mtu wa karibu leo, aende nawe kituo cha afya, na mkifika mseme wazi mmekuja kwa sababu gani, pamoja na kila jani na kidonge unachotumia. Wengi huficha mitishamba wakiogopa kugombezwa na daktari. Ukigombezwa, vumilia, umalizie orodha.